Mpigo Uliosikika Kwenye Kiwiko

Maktaba ya shule,
Nyeri,
Jumapili, 15 Juni.

Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi karibu na moto, kikohozi kimekuachilia, na viatu vyako vimekauka. Siku ya wazazi Mama aliniambia kwamba baridi ya Kangari si kama ya kwetu Tetu, kwamba huko ukungu hushuka juu ya majani chai saa nane mchana na kukataa kuondoka, na kwamba wiki mbili nzima umelala na koti. Tafadhali mwombe mwenye nyumba blanketi la pili. Mimi ni mzima. Nakula, nasali, na yale mafua ya mwezi wa tano yamekwisha. Mama alikuja peke yake na chapati kumi na mbili, na Shirleen, rafiki yangu tunayelala naye vitanda jirani, akala nne kabla hatujamaliza kuombea chakula. Anakusalimu sana. Anasema chapati hizo zimemfanya awe mtu wa Tetu, ingawa baba yake ni polisi aliyeletwa hapa kutoka Migori.

Utashangaa kwamba nakuandikia kwa Kiswahili na si kwa Kikuyu kama tunavyozungumza nyumbani. Nina sababu mbili. Kwanza, barua zetu husomwa na naibu wa mwalimu mkuu kabla ya kutumwa, naye si mtu wa kwetu. Pili, Kiswahili ndicho ulichotumia miaka yote kuandikia kitabu cha ukaguzi wa ule ua wa umeme unaozuia ndovu. Nataka kila neno nililoandika hapa lisomwe na msimamizi wako, Bwana Hezekiah, na kamati yote ya ua, watakapokutana Ijumaa tarehe ishirini na saba kuamua kama utarudishwa kwenye kipande chako cha ua au utaachishwa kazi kabisa. Najua unazihesabu siku kama ninavyozihesabu mimi. Kwa hiyo soma polepole, na usikasirike kabla hujafika mwisho.

Nianze na habari njema. Wiki jana mimi na Shirleen tulishiriki kongamano la sayansi, upande wa fizikia, na tumekuwa wa pili. Tutaendelea hadi ngazi ya kaunti. Tulichoonyesha ni kazi yako: ile redio ndogo nyeusi uliyonipa siku uliyohamishwa, baada ya Bwana Hezekiah kukukataza kutembea nayo, akisema ua haukaguliwi kwa kutega sikio kama mganga. Bado ina plasta kwenye antena. Niliwaeleza watu jinsi mtambo ulio langoni unavyotuma mpigo mmoja wa umeme kwenye waya wa ua kila sekunde moja hivi, ili ndovu akigusa ashtuke na kurudi msituni, na jinsi redio iliyowekwa mahali pasipo na stesheni inavyosema “tik” kwa kila mpigo ingawa haijaunganishwa na ua kwa waya wowote. Niliwaeleza kwamba majani mabichi yakigusa waya, umeme huruka, na “tik” hugeuka kuwa “tak” kali. Hivyo ndivyo ulivyolijua jani moja linalonyonya umeme wa ua mzima, wakati walinzi wengine walifyeka kila kichaka bila kujua wanatafuta nini. Watu walipiga makofi hapo, Baba. Mwalimu mmoja kutoka Kangema aliniomba nimwandikie namba ya mahali pa kuiweka redio.

Sasa kuna jambo la zamani. Nilipokuwa darasa la tano nilikuuliza ni nini kinachoibeba “tik” kutoka kwenye waya hadi kwenye redio. Ulisimama, ukaegemea panga, ukaniambia ni etha. Ulisema uliisoma kwenye kitabu kisicho na jalada katika kabati la shule yako ya msingi: kwamba ulimwengu wote umejaa kitu chepesi kuliko ukungu, hakionekani wala hakishikiki, na kwamba mwanga na redio ni viwimbi tu ndani yake. Halafu ukaongeza neno ambalo nadhani halikuwemo kitabuni. Ulisema karibu na waya etha huwa nzito, na huufuata waya kama mbwa anavyomfuata mwenyewe, ndiyo maana redio ikisema “tik” juu ya waya, waya huo huo ndio ulio hai. Neno hilo nililiamini. Lishike vizuri, kwa maana nitalirudia.

Nilipomweleza Madam Mercyline, mwalimu wetu wa fizikia, Shirleen alicheka. Madam hakucheka. Alimwambia Shirleen kwamba baba ya Nyawira amesimama pamoja na wanasayansi wakubwa wa miaka mia moja na hamsini iliyopita, ila wao walihama na hakuna aliyempa habari. Akatueleza kwa nini walikuwa wamesimama hapo. Wimbi la maji ni maji yanayopanda na kushuka. Sauti ni hewa inayosukumana. Mwanga nao ulikuwa umethibitika kuwa ni wimbi, na unatufikia kutoka kwenye jua ukipita mahali pasipo na hewa. Basi wakauliza: ni wimbi la nini? Kwa kuwa hawakuona kitu, walikipa jina kitu ambacho lazima kingekuwepo, wakakiita etha. Madam alisema huo haukuwa ujinga. Ulikuwa uaminifu kwa kila wimbi walilolijua hadi siku hiyo.

Lakini etha iliwatesa. Kwa kuwa mwanga hukimbia mno, etha ilibidi iwe ngumu kupita chuma, kwa sababu mawimbi ya aina hiyo hukimbia zaidi ndani ya kitu kigumu. Na wakati huo huo dunia na mwezi vilibidi vipite ndani yake bila kukwaruzwa hata kidogo. Shirleen akauliza, ati ni chuma gani hicho ambacho hata nzi anapita katikati akienda zake? Madam alisema swali hilo, ukiondoa nzi, ndilo lililowanyima usingizi.

Kisha akatupeleka, kwa mawazo tu, hadi mto Chania. Alitutaka tuwaone waogeleaji wawili wenye nguvu sawa. Mmoja anavuka hadi ng’ambo na kurudi. Mwingine anaogelea umbali ule ule kufuata mkondo, kisha anarudi akipambana nao. Tulipiga hesabu ubaoni, na kila tulipobadilisha namba, huyu wa pili alichelewa. Sasa, dunia hukimbia kulizunguka jua kilomita thelathini kwa kila sekunde. Kama etha imetulia na dunia inapita ndani yake, basi sisi tumekaa katikati ya mto, na mwanga uliotumwa upande mmoja na kurudi unapaswa kuchelewa kuliko uliotumwa upande mwingine. Mwaka 1887 Wamarekani wawili walipima jambo hilo kwa vioo, wakiugeuza mtambo wao huku na huku. Wengine wakarudia baada yao kwa makini zaidi. Waogeleaji walifika pamoja kila mara. Hapakuwa na mkondo. Baadhi walijaribu kuitia etha viraka, lakini miaka kumi na minane baadaye ikaonyeshwa kwamba hesabu zote zinakaa sawa bila etha yoyote, mradi tukubali kwamba kasi ya mwanga ni ile ile kwa kila anayeipima, aliyesimama na anayekimbia.

Kilichobaki ni uga wa sumaku na umeme. Niliuliza, kama si maji wala ukungu, uga ni kitu gani. Madam alinijibu kwa namna ambayo sitaisahau. Alisema kila mahali, hata pale palipo patupu kabisa, pana jibu kwa swali hili: chaji ya umeme ikiwekwa hapa sasa hivi, itasukumwa upande gani na kwa nguvu kiasi gani? Majibu yote hayo, ya kila mahali na kila wakati, ndiyo uga. Jibu la umeme likibadilika, huamsha la sumaku. La sumaku likibadilika, huamsha la umeme. Wimbi hujibeba lenyewe hivyo na halihitaji kitu cha kulibeba. Wala si hadithi tu, kwa sababu uga una nishati: joto la jua lililoko kwenye majani chai unayoyaona huko Kangari limevuka utupu mkubwa bila kubebwa na kitu kingine. Tofauti ni kwamba etha ilikuwa kitu kilichojaza mahali, na kitu huwa kimetulia au kinapita, kwa hiyo ungeweza kusimama kando yake ukakiona kikienda. Uga ni hali ya mahali penyewe. Hauna ukingo wa kusimama ukautazama ukipita.

Nilimuuliza pia kuhusu etha inayofuata waya kama mbwa. Alisema hata etha ya wazee haikufanya hivyo, hilo ni la baba yako peke yake, na ni zuri lakini si kweli. Uga huwa na nguvu karibu na waya na hupungua ukienda mbali, lakini hauishi ghafla, wala hauna mwenyewe. Waya kumi zikiwa karibu, hakuna uga kumi. Ni mmoja tu. Niliandika hayo daftarini kwa kalamu nyekundu, Baba, na sikuyaelewa.

Kwa kongamano tulitayarisha vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa mtungi wa kioo wa maabara, na ndani yake kengele ya umeme pamoja na taa ndogo inayowaka kila inapopokea mpigo bila waya. Ile pampu ya kunyonya hewa ni kuukuu, inakoroma kama ng’ombe mgonjwa. Hewa ilipotoka, kengele iliendelea kutikisika lakini sauti yake ikafifia hadi ikawa kama haipo. Taa haikujali. Iliwaka, ikazima, ikawaka. Shirleen alirukaruka akitangaza kwamba etha imekufa na mazishi ni Jumamosi. Madam alikuwa mlangoni, amekunja mikono, anatabasamu. Cha pili kilikuwa ubao wenye ua mdogo wa waya mbili, kila waya na swichi yake, tuliouunganisha na mtambo mdogo unaotumiwa kwenye ua wa ng’ombe wa shule.

Siku yenyewe, jaji wetu alikuwa bwana mfupi mwenye sweta ya kijani, Bwana Jackton, mwalimu wa chuo cha ufundi. Alitutazama hadi tukamaliza. Kisha akauliza, kwa upole sana, tumejuaje kwamba etha haikubaki ndani ya mtungi. Alisema walioiamini etha walijua fika kwamba mwanga hupita pasipo na hewa. Hiyo ndiyo sababu waliitafuta etha. Kama pampu haiwezi kuinyonya, mtungi wetu umeua nini? Shirleen alinifinya. Hapo ndipo nilipojua Madam alikuwa akitabasamu kwa nini. Nilivuta pumzi, nikasema bwana ana haki: mtungi unaonyesha tu kwamba si hewa inayobeba mpigo, na hauwezi kusema lolote juu ya etha. Kinachoiondoa etha ni mto usio na mkondo. Nikamchorea waogeleaji. Alitikisa kichwa kukubali, akaandika, na Shirleen akanong’ona kwamba nimeruka mtaro na sketi ya shule.

Kisha Bwana Jackton akaichukua redio yako. Aliuzima waya wa pili kwenye ubao, mbele ya macho yetu, akaishika redio juu yake. Ikasema “tik”. Akaniuliza, “Binti, huu waya ni hai au umekufa?”

Baba, kinywa changu kilifunguka kusema ni hai. Swichi iliyozimwa ilikuwa mbele yangu, na bado kinywa kilifunguka. Nikasema siwezi kujua. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni kwa sababu redio haiusikii waya. Inausikia uga wa mahali ilipo, na uga hausemi umetoka kwenye waya upi. Alinishukuru akaandika tena, na nadhani jibu hilo ndilo lililotupa nafasi ya pili. Lakini mimi sikuwa tena kwenye ukumbi ule. Shirleen alidhani naumwa. Alimalizia maelezo peke yake na akawachekesha watu kwa kuigiza ndovu anayeshtuliwa na umeme, na mimi nilisimama kando yake nikiona Kiwiko, pale ua wako unapopinda korongoni.

Sasa nasema nililokuandikia barua hii kulisema.

Jumamosi tarehe kumi na mbili Aprili, tulipokuwa likizo, ulikuwa na homa hata hukuweza kukaa kitandani wima. Ulinipa redio, testa ya kupimia umeme na kitabu, ukaniambia nitembee kipande chote kwa niaba yako, nguzo ya kwanza hadi ya sitini. Uliniambia kwenye kila nguzo ya tano niingize pini ya testa ardhini na kuugusa waya, kwa sababu redio ni ya kutafuta na testa ndiyo ya kushuhudia. Maneno yako hasa. Nami nilifanya hivyo hadi nguzo ya arobaini. Hapo ndipo ua unaposhuka korongoni, unapinda karibu na maji, kisha unapanda tena ukielekea ulikotoka, kama mkono uliokunjwa, ndiyo maana tunapaita Kiwiko. Mvua ya Ijumaa ilikuwa imefanya korongo kuwa matope matupu. Mama alikuwa ameniahidi kwamba nikirudi kabla ya saa nne tungekwenda sokoni Giakanja kuninunulia viatu vya shule.

Sikushuka. Nilipita kwenye kinjia kinachokata kutoka juu ya mkono wa kwanza hadi juu ya mkono wa pili, hatua thelathini tu. Nilisimama kwenye nguzo ya sitini, nikaifungua redio, ikasema “tik”. Ilikuwa dhaifu kidogo, nikajiambia ni betri. Testa ilikuwa ndani ya mfuko na sikuitoa. Nilikumbuka mbwa anayemfuata mwenyewe. Niliandika “hai” kuanzia nguzo ya arobaini na moja hadi ya sitini, kwa herufi kubwa kama zako, nikaiacha wazi nafasi ya jina la aliyetembea, nawe ukaijaza jioni kwa jina lako bila kuuliza.

Usiku huo ndovu waliingia shambani kwa Mzee Ngatia kupitia mkono wa pili wa Kiwiko. Walikanyaga viazi vyote, wakaangusha tangi, naye akikimbia akaanguka na kuvunjika mguu. Kamati ilipokuuliza, uliwaambia umetembea mwenyewe na kwamba asubuhi ua ulikuwa hai, kwa hiyo mti uliokata waya kule chini lazima ulianguka baada ya hapo. Akina mama wanaookota kuni wakasema mti ulikuwa chini tangu Ijumaa jioni. Ndipo ukaitwa mwongo mbele ya watu, wewe ambaye huandiki hata “mvua kidogo” kama haijalowesha kofia yako.

Ulinificha, Baba, na ulifikiri unamficha mtoto aliyefanya kazi yake. Mimi nami, naapa, nilifikiri hivyo hivyo. Miezi miwili nilijiambia nilisikia “tik” kwa masikio yangu, basi wale akina mama wamekosea siku. Niliwachukia kidogo. Niliuchagua mradi huu ili nionyeshe kwamba redio yako haidanganyi.

Na kweli haikudanganya. Waya niliosimama chini yake ulikuwa umekufa tangu Ijumaa. “Tik” niliyoisikia ilikuwa ya mkono wa kwanza, ng’ambo ya korongo, iliyovuka hatua thelathini bila kubebwa na chochote.

Sikutaka kukuandikia jambo la kudhani, kwa hiyo Alhamisi jioni nilimwomba Madam ruhusa twende kwenye ua wa ng’ombe wa shule. Tulitandika waya usiounganishwa na chochote hatua thelathini kutoka kwenye ua huo. Nikasimama juu yake na redio. “Tik”, dhaifu, kama betri zimechoka. Nikaweka betri mpya. Ikabaki vile vile. Madam aliniacha nilie kwanza, kisha akaniambia nigeuze redio polepole mkononi. Nilipoigeuza, mlio ulikua na kufifia, na nilipoilaza kwa namna moja ulipotea kabisa. Tulirudia mahali panne, na mahali panne pote tuliweza kusema mpigo unatoka upande wa ua wa ng’ombe na si chini ya miguu yetu. Ndani ya redio kuna kijiti cha antena chenye upande kinaousikia na upande kisiousikia. Ningeigeuza siku ile, ningejua. Ningeitoa testa, ningejua mapema zaidi.

Nimewaambia Madam na naibu wa mwalimu mkuu yote haya. Naibu alisoma nakala ya kwanza ya barua hii, akasema ataipiga muhuri bila kufuta hata neno. Nimeweka ndani mchoro wa Kiwiko wenye hatua na namba za nguzo. Likizo fupi ya katikati ya muhula inaanza tarehe ishirini na sita. Siku hiyo, kabla ya kufika nyumbani, nitapitia kwa Mzee Ngatia nimwambie mwenyewe. Mama anasema bado anatembea na magongo, na kanisani hugeuza uso akimwona Mama. Sitaki asikie kwanza kutoka kwa kamati. Kesho yake nitasimama mbele yao, na Madam Mercyline amekubali kuja.

Sijidanganyi kwamba barua hii itakusafisha kabisa. Watasema ulimtuma mtoto, na kwamba uliwaambia umetembea ilhali hukutembea. Hayo ni yako, Baba, nisamehe nikiyasema, na siwezi kukubebea. Lakini neno “hai” si lako. Aliyeliandika ni mimi. Kosa la testa kubaki mfukoni si la etha wala la redio, na viatu nilivyovivaa ninapoandika vinanikumbusha kila ninapoinama. Nakuomba jambo moja tu: ukiulizwa, usinifiche tena. Nadhani mtu aliyenifundisha kusikiliza ua anaweza kuniacha niseme nilichokisikia.

Nina tumaini, na si la kujifariji. Bwana Hezekiah ni mkali lakini anapenda kuona kitu kikipimwa. Nitamwomba atufuate hadi Kiwiko na testa yake, asimame kwenye nguzo ya sitini, azime waya, asikilize. Nitamwonyesha namna ya kuigeuza redio. Nikifaulu, pengine walinzi wote watatembea hivyo, redio mkono mmoja na testa mkono wa pili, na atakayewafundisha atakuwa wewe.

Wasalimu wenzako wa huko Kangari, hasa yule uliyesema anakupikia uji. Mama anasema ng’ombe amezaa ndama dume na anakusubiri umpe jina. Shirleen anapendekeza aitwe Etha, kwa kuwa ni mgumu kama chuma na bado anapita kwenye kila ua. Nimemwambia nitakufikishia. Jifunike vizuri, unywe dawa hadi chupa iishe, na ukiipata barua hii mtumie Mama ujumbe mmoja tu kwamba umeisoma. Nitaelewa.

Mungu akulinde hadi tuonane tarehe ishirini na sita.

Nami namalizia kwa kuijaza ile nafasi niliyoiacha wazi.

Kipande cha saba, nguzo 1 hadi 60. Jumamosi, 12 Aprili.
Zilizopimwa: 1 hadi 40. Zisizopimwa: 41 hadi 60.
Aliyetembea: Nyawira, binti Gikonyo.